Fomu yangu inasema bibi alinyamaza

Jumanne, tarehe 1 Julai. Asubuhi ya baridi, mawingu mazito, manyunyu kidogo kabla ya saa mbili, kisha yakakatika.

Mshauri wangu, unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa, ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa shajara yangu tangu nikiwa kidato cha pili na mkono umeshazoea, lakini ninachokuandikia leo si cha kufungia daftarini, kuna neno limenikaa kooni siku kumi sasa na sina wa kumwambia isipokuwa dada yangu, ambaye ameshanikasirikia, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho na unijibu kabla ya Alhamisi tarehe 10, maana siku hiyo saa nne asubuhi watu watano watakaa mezani kuamua kama mtoto wa miaka tisa arudi kwa bibi yake au asirudi, na karatasi watakayoitegemea niliiandika mimi.

Mimi ni msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kama karani, msimamizi wangu akanipigania mpaka nikapelekwa kozi ya miezi sita, na huu ni mwaka wangu wa saba wa kutembelea familia. Katika ofisi yetu kila ukitoka nyumba ya watu unajaza fomu ya tafakari. Ina duara lililogawanywa sehemu sita: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini, ungeweza kufanya nini kingine, na sasa utafanya nini. Sitaki uidharau fomu hiyo, mwanzoni ilinifaa sana, kabla yake tulikuwa tunaingia nyumba hii na kutoka ile kama wasoma mita, na ni hiyo fomu iliyonionyesha mwaka wa kwanza kwamba nilikuwa nawafokea akina mama wadogo kwa sababu walinikumbusha mdogo wangu wa mwisho, nikajirekebisha.

Miaka miwili iliyopita msimamizi alisoma fomu yangu moja mbele ya wenzangu, akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyotafakari," akaitoa kopi na kuibandika ukutani juu ya birika la maji ya moto. Katika sehemu ya pili nilikuwa nimeandika: "Mwanzoni nilihisi wasiwasi kidogo, lakini kadiri mazungumzo yalivyoendelea nilijenga uaminifu na kuondoka nikiwa na utulivu." Siku nilipoiandika ilikuwa kweli. Basi fomu zenye maneno mengine zikawa zinarudi na wino mwekundu, "fafanua", "hii si lugha ya kitaalamu", na zenye maneno yale ya ukutani hazirudi, wenzangu wakaanza kuyaazima, na mimi nikaanza kuyaazima kutoka kwangu mwenyewe. Karani wa masjala, tunayemwita Mzee Mihuri kwa sababu hapitishi hata bahasha tupu bila kuigonga, alisema siku moja akipanga mafaili, "Ofisi hii ina wafanyakazi tisa na moyo mmoja. Wote mnahisi sawasawa, hata mafua mnaumwa pamoja." Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa wangu.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Alhamisi tarehe 12 Juni, jua kali tangu saa tatu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameleta taarifa kwamba mtoto mmoja wa kike amekosa shule siku sita. Mtoto huyo analelewa na bibi yake, mshonaji, tangu mama yake afariki, na mwezi wa nne mtoto wa kiume wa bibi, yaani mjomba wa huyo msichana, aliachishwa kazi akarudi kukaa hapo. Nilipojitambulisha mlangoni saa tano asubuhi, bibi alinidaka maneno mdomoni, "Karibu, karibu, umefuata lile gauni," akanivuta ndani. Chumba kilikuwa na cherehani ya miguu chini ya dirisha, kitanda nyuma ya pazia la maua, na mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo, nikaona kisigino cha mwanaume aliyelala.

Bibi alikaa akaanza kukanyaga cherehani. Nilidhani ana kazi ya mteja ya haraka, nikatazama, sindano haikuwa na uzi na chini yake hapakuwa na kitambaa. Akasema bila kuinua uso, "Njoo Jumatano asubuhi. Jumatano huwa anatoka kutafuta kibarua. Mtoto hawezi kusema huyu akiwepo."

Nikamuuliza, "Anampiga?"

Akakanyaga kwa nguvu zaidi. "Usiandike hapa, mwanangu. Kaandike huko kwenu. Jumatano."

Kutoka chumba cha pili mwanaume akauliza, "Mama, huyo ni mteja au mpelelezi?"

"Mteja, baba," bibi akajibu kwa sauti. "Ana nyonga za kupimwa mara mbili." Akanipima kweli kwa kamba ya kupimia, akanifungulia mlango.

Jioni hiyo niliandika yote katika shajara, neno kwa neno, kisigino, sindano bila uzi, Jumatano, na mwishoni nikaandika na mengine ya uchovu, kwamba nimechoka na kwamba habari hii ikiingia kwenye fomu itanibidi nirudi Jumamosi, maana kanuni yetu ni kwamba ukiandika shaka ya mtoto kuumizwa lazima urudi na mwenzako ndani ya siku mbili, lakini hayo ni ya pembeni. Kosa langu ni la Ijumaa. Ijumaa alasiri ndiyo siku tuliyozoea kujaza fomu zote za wiki, nilikuwa nazo saba, na nilizijaza kwa mkupuo mmoja nikiwa na chai mkononi, na kwa bibi yule niliandika kama kwa wengine: "Nilizungumza na mlezi. Mlezi hakueleza tatizo lolote." Sehemu ya pili nikaweka wasiwasi wangu kidogo na utulivu wangu. Sehemu ya sita, "Nitaendelea kufuatilia." Mzee Mihuri akagonga.

Jumatano tarehe 18 sikwenda. Nilikuwa nimepangiwa kuwafundisha waajiriwa wapya wanne namna ya kuandika tafakari nzuri. Saa nne hivi, nikiwa nachora duara ubaoni, nilimkumbuka bibi, nikaangalia saa ya ukutani, nikajiambia nitakwenda Jumatano ijayo, nikamalizia kuchora.

Jumamosi tarehe 21 mjomba alimvuta mtoto mkono ukavunjika mahali pawili. Majirani waliita polisi, mjomba yuko rumande, mtoto alipotoka hospitali akapelekwa makao ya watoto. Nyumbani kwa bibi sasa hakuna wa kumdhuru. Kinachomzuia mtoto kurudi ni mstari mmoja tu kwenye faili, kwamba mlezi alitembelewa, akapewa nafasi ya kueleza, akaficha. Bibi ametoa maelezo yake kwamba alimwambia mtu wa ofisi, na yameandikwa "mlezi anadai". Wakiridhika kwamba alificha, mtoto atapelekwa kituo cha mbali mpaka afike miaka kumi na minane.

Ijumaa tarehe 27 nilikwenda makao kumwona. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono ndani ya plasta, ananitazama tangu nikiwa getini.

"Anti, bibi amekosa nini?"

Nikamwambia, "Watu wakubwa bado wanazungumza."

"Wanasema hakusema. Lakini alikwambia. Nilikuwa nyuma ya pazia." Halafu akasema, "Jumatano nilivaa viatu vya shule asubuhi, nikakaa kitandani nikakusubiri mpaka mjomba akarudi."

Nilimfunga kitufe cha sweta ambacho hakikuwa kimefunguka.

Jana Jumatatu nilimwendea msimamizi nikamweleza yote pamoja na shajara. Ni mwanamke mwema, sitaki umfikirie vibaya, yeye ndiye aliyeniondoa kwenye ukarani. Alifunga mlango, akavua miwani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "lile duara ni la kujifunzia. Si pingu za kujifunga mwenyewe."

"Lakini bibi aliniambia."

"Kwenye faili hakusema. Na kikao kinasoma faili, hakisomi daftari lako la nyumbani."

"Na mtoto alisikia."

"Mtoto atamtetea bibi yake, hilo wanalijua." Kisha akasema kwa upole, "Jaza fomu nyingine ya tafakari. Iwe ya jumla, changamoto za kuwasiliana na walezi wazee, umejifunza nini. Nitaiweka juu ya ile. Ukilitoa hilo daftari, watafungua masjala nzima, na wenzako wanane wana sentensi ileile. Unataka kuwaangusha wote?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza dada yangu, ninayeishi naye tangu afiwe na mumewe. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Akasema, "Wewe nyumba ikishika moto utaandika kwanza tarehe." Nikamwambia ananionea. Akasema, "Basi nenda kawaambie." Nikamwambia nikifukuzwa tutakula nini na daftari lile lina mambo ya familia nyingine thelathini, lina mambo yake yeye, lina maneno niliyoandika juu ya msimamizi ambayo mtu hapaswi kuyasoma. Akanitupia soksi. "Ulikuwa unaniandika mimi?" Tangu hapo hanisemeshi.

Kwa hiyo nakuuliza, je, shajara ya mtu ni ushahidi, na ni haki kuitoa wakati ina siri za wengine, au nijaze hiyo fomu ya pili kama nilivyoelekezwa na mtu aliyenilea kazini, au ninyamaze, kikao kipite, halafu nimsaidie bibi kwa njia nyingine, nimtembelee, nimpelekee wateja wa kushonewa, nimfuatilie mtoto huko atakakokuwa, maana niliyoyafanya yameshafanyika na mkono ule hauwezi kutovunjika tena? Sijui kama nauliza kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu, na hilo pia linanisumbua.

Mwenye Shajara

Naongeza nyuma ya bahasha Jumatano asubuhi, mawingu yamepungua: jana nilifunga bahasha saa tatu usiku, usingizi ulinichukua saa tisa kasoro dakika kumi.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Shajara, barua yako ilinifikia Alhamisi nikaiweka juu ya nyingine zote, ili uisome leo Jumamosi ukiwa bado na siku mbili za kazi kabla ya kikao, maana Jumatatu ni sikukuu. Hizo siku mbili zitakutosha ukiacha kuzungukazunguka.

Nianze na pole, na ninaitoa kwa dhati. Mtu asiye na utu asingekwenda makao Ijumaa ile kukaa mbele ya mtoto yule. Angetuma mwenzake. Wewe ulikwenda, na maneno yake umeyaleta kwangu kama yalivyo, hata yale ya viatu, ambayo ungeweza kuyaacha. Pole sana. Sasa pole imekwisha.

Kuna sentensi moja katika barua yako umeipitisha mbio, kama mtu anayesukuma takataka chini ya mkeka kwa mguu huku akimkaribisha mgeni. Unasema kosa lako ni la Ijumaa, mazoea, fomu saba, chai. Na hayo ya Alhamisi unayaita ya pembeni. Bibie, si ya pembeni hata kidogo. Alhamisi jioni ulikuwa macho, umekaa, kalamu iko mkononi, na uliandika kwa mwandiko wako kwamba ukilitia jambo hili kwenye fomu itakubidi urudi Jumamosi. Ulijua. Ukaichagua Jumamosi yako. Ile karatasi ya ukutani ilikuja kesho yake kukupa pa kujificha, na ulijificha vizuri kwa sababu uliishona mwenyewe kwa kipimo chako. Nakwambia hivi si kwa kukuchapa. Nakwambia kwa sababu usipolikubali hili kwanza, Alhamisi ijayo utakwenda kuwaeleza wale watu watano habari za mazoea ya ofisi, watatikisa kichwa, wataandika "mapungufu ya mfumo", na bibi atabaki pale pale alipo.

Halafu hebu isome tena barua yako. Umeeleza kilichotokea, umeeleza ulivyohisi, umesema kizuri na kibaya, umetafuta sababu, unajua kabisa ungefanya nini. Sehemu tano umezijaza, na umezijaza kuliko ulivyowahi kuzijaza kazini. Ya sita umeiacha wazi ukaniletea mimi. Hiyo siwezi kukujazia, ila naweza kukukalisha kitako uijaze.

Sina ugomvi na duara lenu. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi miaka mingi, na tulikuwa na daftari la kukabidhiana zamu. Niliwahi kuandika "amelala vizuri" kwa mgonjwa aliyelia mpaka asubuhi, kwa sababu mstari wa juu yake ulisema hivyo na mkono ulishuka wenyewe. Aliyenipokea zamu hakumtazama. Kwa hiyo najua jinsi sentensi nzuri inavyoweza kumlaza mtu usingizi ameketi. Tafakari ya kazi ina maana pale tu inapokugharimu kitu, iwe ni safari ya pili, iwe ni kumwambia bosi hapana. Ukiiandika na ukainuka ukiwa mwepesi kuliko ulivyokaa, jiulize umemwachia nani huo mzigo. Wewe ulimwachia bibi wa watu.

Maswali yako sasa. Fomu ya pili usiijaze. Msimamizi wako anaweza kuwa mwema kama unavyosema, na ninaamini alikupigania, lakini anachokuomba ni blanketi la kufunikia. Kuhusu wenzako wanane, wao wana mikono yao na vinywa vyao. Huwaangushi kwa kusema kweli. Na kama ndani ya masjala ile kuna mtoto mwingine aliyeandikiwa utulivu wako, ni afadhali mafaili yafunguliwe wiki hii kuliko baada ya mkono mwingine kuvunjika.

Mpango wa kunyamaza halafu umpelekee bibi wateja, huo uufute kabisa. Unataka kumnyang'anya mjukuu kwa mkono mmoja na kumletea magauni ya kushona kwa mkono mwingine? Usimsogelee kabisa kabla ya kikao. Najua moyo unakutuma ukaombe msamaha, lakini ukienda sasa watasema mmepanga maneno, na yeye atalazimika kukubembeleza wewe. Msamaha utauomba baadaye, na akikunyima ukubali.

Shajara yako ni yako. Siri za zile familia thelathini si zako kuzitoa, wala za dada yako. Kwa hiyo hutapeleka daftari likiwa limefunguka. Kesho Jumapili kaa mezani, nakili ukurasa wa tarehe 12 Juni wote, kuanzia jua la saa tatu mpaka mstari wa mwisho, ule wa Jumamosi. Usiufute huo. Hautakupendeza, lakini mwenyekiti akiuona atajua hakuna aliyeutunga ukurasa huu ili ajisafishe. Daftari lenyewe lifunge kurasa nyingine kwa klipu au kwa uzi, ulichukue siku ya kikao, na ukiulizwa kama ni kweli, uonyeshe ukurasa huo mmoja, yeye mwenyekiti peke yake.

Pamoja na nakala hiyo andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kikao, ya tarehe utakayoiandika, si ya siku nyingine yoyote. Sema fomu ya tarehe 13 si sahihi, sema bibi alisema nini na lini, sema Jumatano ulikuwa wapi. Omba mtoto asikilizwe na mtu asiye wa ofisi yenu. Nusu ukurasa unatosha. Najua unavyopenda kuandika, kwa hiyo narudia, nusu ukurasa.

Jumanne asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa msimamizi wako na umpe nakala yake mkononi. Mwambie, "Dada, nimekuja kukuarifu, sikuja kuomba ruhusa." Anaweza kulia, anaweza kufoka, anaweza kukukumbusha alikokutoa. Msikilize mpaka mwisho, mshukuru kwa alivyokulea, kisha toka uende masjala. Yule mzee wenu apokee barua, agonge muhuri wa tarehe na saa kwenye nakala zote mbili, na moja ubaki nayo. Nyingine ifike kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, kwa mkono wako mwenyewe kama yuko mahali panapofikika. Usimwachie mtu wa kati.

Kama ofisi yenu ina chama cha wafanyakazi, mtafute mwakilishi wake Jumanne hiyohiyo. Sitakudanganya, kazi unaweza kuipoteza. Unaweza kusimamishwa, unaweza kurudishwa ukarani. Wewe na dada yako mtabana matumizi, mtagombana, mtaishi. Mwombe radhi kwa kumwandika bila yeye kujua, na umweleze unachokwenda kufanya, maana utahitaji mtu wa kukufungulia mlango ukirudi siku hiyo. Ukibahatika ukabaki kazini, ile karatasi iliyo juu ya birika uibandue wewe mwenyewe, na tangu siku hiyo fomu ya nyumba fulani uijaze siku uliyotoka nyumba hiyo, moja, ukiwa umekaa peke yako.

Umesema hujui kama unauliza kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yako. Vyote viwili, na wala haidhuru. Mtoto hahitaji nia yako iwe safi. Anahitaji uwe umefika.

Alhamisi utaitwa ndani. Bibi atakuwa amekaa humo, pengine karibu na mlango, na utatamani kuanza na miaka yako saba, wingi wa kesi na uchache wa watu. Usianze huko. Simama umtazame mwenyekiti, useme, "Bibi aliniambia tarehe 12, saa tano asubuhi, nami sikuandika." Halafu nyamaza wakuulize, na kila watakachouliza, kijibu.